Matajiri wa Karafuu na Daftari la Mdai

Katika simulizi za Unguja, anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeleta mkarafuu kisiwani ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwomani aliyezoea safari za visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Huko Wafaransa walikuwa wamekwisha kuotesha mikarafuu waliyoitorosha kutoka Maluku chini ya pua za Waholanzi. Saleh aliipanda Mtoni na Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19, ikashika, na kabla ya nusu karne kwisha Unguja na Pemba zikawa zinajulikana katika masoko yote ya viungo duniani. Mtu kama huyo angestahili kufa ndani ya nyumba ya ghorofa, amezungukwa na wajukuu na wapambe. Alikufa maskini.

Mashamba yake yalichukuliwa na Sayyid Said bin Sultan. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kwamba Saleh aliendelea na biashara ya watumwa kinyume na mkataba ambao Said alitia saini na Waingereza mwaka 1822. Sababu hiyo inachekesha kidogo, maana katika Unguja ya wakati ule ungetafuta sana kabla ya kumpata tajiri ambaye mikono yake haikugusa biashara hiyo. Kosa la Saleh lililo karibu zaidi na ukweli ni kuwa na mali inayoonekana na kuwa upande usio wa mtawala. Mtoni na Kizimbani zikaingia katika milki ya Sayyid, na hadi anafariki Said alihesabiwa kuwa na mashamba 45.

Mtawala aliyeonja karafuu hakutaka kuzila peke yake. Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akapapenda, na miaka michache baadaye akahamishia huko makazi yake kutoka Muscat. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Hata bila amri, watu walikuwa wamekwisha kupagawa. Mwaka 1830 frasila moja ya karafuu, yaani takriban kilo 16, iliuzwa kwa kiasi cha riali 10 za Maria Theresa. Minazi ikakatwa, migomba ikang'olewa, na mashamba ya mpunga na muhogo yakageuzwa. Mavuno ambayo mwishoni mwa miaka ya 1830 hayakufika frasila 10,000 kwa mwaka yalikaribia 100,000 muongo mmoja baadaye.

Mkarafuu haumpi mtu faida ya haraka. Kuanzia kupandwa hadi kuzaa vizuri hupita miaka sita au saba, na kwa muda wote huo shamba lipaliliwe, miche inyeshewe na iliyokufa ipandwe upya. Ukishaanza kuzaa, kazi haingoji. Vichomozo havina budi kuchumwa kabla havijafunguka kuwa maua, mti mmoja hupitiwa mara kadhaa katika msimu, kisha karafuu hutenganishwa na makonyo na kuanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, huku macho yote yakiangalia mbingu. Mvua ikishuka kwa wingi wakati huo, zao huharibika. Mwenye shamba alihitaji watu wengi, na watu hao aliwanunua.

Aliwanunua kwa fedha za mwingine. Hapa ndipo panapotakiwa kufungua daftari.

Fedha taslimu za Unguja zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kutch na Gujarat, Mabaniani, Makhoja na Mabohora. Mkubwa wao alikuwa Jairam Shivji, ambaye jumba lake la biashara lilikodi forodha ya Zanzibar kuanzia miaka ya 1830 hadi 1886, isipokuwa kipindi kifupi ambacho mfanyabiashara mwingine, Taria Topan, aliishika. Kukodi forodha maana yake ni kwamba Jairam alimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha yeye akajikusanyia ushuru bandarini. Sultani alipopungukiwa, na alipungukiwa mara kwa mara, alichukua kwa Jairam kwa hesabu ya mwaka ujao. Mtu anayetoza kodi ya nchi alikuwa pia ndiye anayemkopesha mwenye nchi. Mfaransa au Mmarekani aliyefika na meli yake alijua kwamba maneno ya Sayyid yana uzito, lakini alijua pia nani anayeshika funguo za ghala.

Kwa wenye mashamba wa kawaida, wakubwa wa Kiomani na Waswahili wenye uwezo, mkopo ulikuja kwa njia iliyoheshimu sheria ya Kiislamu kwa maandishi. Riba ni haramu. Kwa hiyo mkopaji hakukopa, bali aliuza. Alikwenda kwa mwandishi wa hati, akamwuzia mwenye fedha shamba lake kwa bei fulani, kwa sharti kwamba akirudisha fedha ile katika muda waliopatana, shamba litarudi kwake. Hiyo ndiyo bei khiyari. Baada ya kuuza, mwenyewe aliendelea kukaa shambani humo humo kama mpangaji, akimlipa mnunuzi ijara kila mwaka. Ijara hiyo ilifanya kazi ya riba, na hakuna kadhi aliyelazimika kuikunjia uso. Jirani aliyepita njiani aliona mikarafuu ile ile, nokoa yule yule akiwasimamia wachumaji, na bwana yule yule barazani. Hati ilisema kitu kingine.

Mdai naye hakutamani kulichukua shamba. Angelifanyia nini? Mwaka 1860 Konseli wa Uingereza, Rigby, alianza kuwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, na shamba la karafuu bila watumwa lilikuwa msitu tu. Mfanyabiashara mwerevu aliona ni bora mdeni aendelee kuwa bwana shamba, aendelee kulima, na aendelee kuleta karafuu zake kwake kwa bei ambayo daftari liliamua. Deni halikulipwa likaisha. Liliongezwa, likahamishwa msimu hadi msimu, likarithiwa. Kuna wenye mashamba walioingia kaburini wakiwa wamelipa ijara mara nyingi kupita fedha waliyoichukua.

Lakini kwa nini mtu mwenye mashamba matano asipunguze matumizi akalipa? Jibu liko barazani. Bwana mkubwa wa Unguja alipimwa kwa watu waliomzunguka. Kahawa ilipita asubuhi na jioni, na aliyefika wakati wa chakula alikula. Ndugu kutoka Oman waliofika na upepo wa kaskazi walikaa kwake hadi upepo ugeuke, na wengine hawakuondoka. Masuria, watoto, wazee waliomlea babake, maskini wa mtaa, mwalimu wa chuo, wote walikuwa na haki fulani katika mfuko wake. Katika Bait il Mtoni, kasri la Said kando ya bahari, binti yake Sayyida Salme aliandika baadaye kwamba waliishi watu wapatao elfu moja. Siku ya Idi kila mmoja alitarajia nguo. Bwana akipunguza sufuria moja jikoni, mji mzima ungejua kabla ya Magharibi, na habari ile ingefika kwa mdai wake kabla ya watu wengine wote. Mdai angeisoma kama dalili ya kufilisika, angedai fedha yake, na kufilisika kungekuja kweli. Tajiri mwenye madeni alilazimika kuonekana tajiri zaidi.

Isidhaniwe kwamba mwandishi anawalilia. Walioibeba gharama ya kweli ya mtindo huo ni watu walioletwa kutoka Nyasa, Umanyema na Uzaramo, wakafanya kazi mashambani siku tano na kupewa Alhamisi na Ijumaa walime vishamba vyao ili wajilishe wenyewe. Bwana alipoteleza katika hesabu, watumwa walikuwa sehemu ya mali iliyowekwa rehani pamoja na miti. Ni wao waliouzwa na kutenganishwa na wenzao ili deni la msimu litulie. Kilichomsumbua tajiri usiku ni kitu kingine na chepesi zaidi, ingawa kilimsumbua kweli.

Kisha bei ikaanguka. Ilibidi ianguke, kwa sababu kila mtu alipanda kitu kimoja kwa wakati mmoja, na miti ya kila mtu ikakomaa kwa pamoja. Katika miaka ya 1850 frasila ilishuka hadi kiasi cha riali mbili. Waliokopa wakati bei iko kumi sasa walilipa wakati iko mbili. Mmea wa muhogo unaweza kuung'oa ukapanda kingine. Mkarafuu ulioupanda kwa fedha ya mkopo, ukaungoja miaka saba, huwezi kuuondoa kwa msimu mmoja mbaya. Wenye mashamba walibaki wakichuma, wakiongeza mavuno ili wafidie bei, na kwa kufanya hivyo wakaishusha tena. Wakati huo huo kisiwa kilichokuwa kikisafirisha chakula sasa kilinunua mchele kutoka nje, na mchele huo pia uliandikwa kwenye daftari.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, ndani ya meli yake Victoria, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Oman. Watoto walikuwa wengi na wa mama mbalimbali. Thuwaini alibaki Muscat, Majid akashika Zanzibar, na kila mmoja aliamini kwamba sehemu ya mwenzake ni yake. Mgogoro uliamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, Gavana Mkuu wa India: Zanzibar iwe peke yake, lakini imlipe Muscat riali 40,000 kila mwaka, kwa kuwa ndiyo yenye utajiri. Majid aliurithi utajiri huo pamoja na madeni ya babake kwa Jairam, na sasa akatozwa kwa kuwa nao. Thuwaini hakufaidi muda mrefu. Mwaka 1866 aliuawa Sohar na mwanawe mwenyewe, Salim.

Hata hivyo kisa kinachoonyesha vizuri zaidi mirathi ilivyoweza kuivunja nyumba ni cha Salme. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa haikuwa desturi binti afundishwe. Babake alipofariki alikuwa na miaka 12 tu. Akapata shamba na fedha zake mwenyewe, na kuanzia hapo kila kaka na dada alitaka awe upande wake.

Mwaka 1859 ndugu yake Barghash aliamua kumpindua Majid. Waharthi, ukoo wenye mali na watu, walimuunga mkono. Dada mpendwa wa Salme, Khole, alikuwa ndani ya njama hiyo, na Salme akaingia kwa ajili ya Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa waasi akiwa na miaka 15, akiandika barua za kuagiza silaha na kuwatia moyo machifu. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada hao walikwenda kumtembelea, na Barghash akatoka nao akiwa amejifunika buibui. Alikimbilia shamba la Marseilles, ambalo lilipigwa kwa mizinga na Majid akisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza. Jumba likabomoka, mikarafuu ikateketea, Barghash akapelekwa Bombay. Alirudi baadaye, na mwaka 1870, Majid alipofariki, yeye akawa sultani.

Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana naye akawapoteza Khole na Barghash. Mwaka 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Alibatizwa Aden akaitwa Emily, akaolewa. Miaka mitatu tu baada ya ndoa Heinrich alikufa kwa ajali ya tramu, na binti wa mfalme wa karafuu akabaki Ujerumani na watoto watatu, akifundisha Kiarabu na kuhesabu kuni za baridi. Alirudi Unguja mwaka 1885 pamoja na meli za kivita za Wajerumani, akidai mirathi yake ya ndugu waliokufa. Barghash alikataa hata kumwona. Hoja ya Barghash ilikuwa fupi, kwamba aliyeacha dini harithi. Wajerumani nao, walipokwisha kupata walichokitaka bara, hawakuona sababu ya kumtetea tena. Alijaribu mara nyingine mwaka 1888, akashindwa, na alifariki Jena mwaka 1924. Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886.

Familia zisizo za kifalme zilipambana na tatizo hilo kwa kiasi chao. Mirathi ya Kiislamu hugawa kwa haki, na haki ikigawiwa kwa vizazi vitatu, shamba la miti elfu huishia katika vipande ambavyo mrithi mmoja anamiliki theluthi ya robo. Unguja na Pemba miti yaweza kumilikiwa na mtu asiye mwenye ardhi, basi hesabu ilikuwa ndefu zaidi. Baadhi ya wenye mali waliweka mashamba wakfu ili yasigawanyike wala yasikamatwe na wadai. Ugomvi ukahamia kwenye swali la nani awe msimamizi wa wakfu.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliupiga mji na mashamba ya Unguja. Kilizamisha meli za Barghash bandarini na kuilaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikuguswa sana, na tangu siku ile Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mwenye shamba wa Unguja alitakiwa kupanda upya na kusubiri tena miaka saba, na mwaka uliofuata, Juni 1873, Barghash akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miti haikuwapo, na watu wa kuipanda walipanda bei. Fedha za kuanza tena zilipatikana mahali pale pale pa zamani.

Waliokopesha pia hawakulala. Taria Topan, aliyeanza bila kitu akawa tajiri mkubwa wa mji, alimkopesha Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa za kwenda nazo Umanyema, na fedha zake zikatembea bara kwa miaka bila yeye kujua kama zitarudi. Tippu Tip alirudi, akatajwa kuwa na mashamba saba na watumwa 10,000, kisha akamaliza uzee wake katika kesi na washirika wake wa zamani wa safari za bara. Taria alianza kujenga mwaka 1887 jengo lenye nakshi lililopo ufukweni Mji Mkongwe, alikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na halikuishia mikononi mwa watoto wake.

Waingereza walipotangaza ulinzi wao mwaka 1890 walikuta hali hiyo, wakaikuza. Ushuru wa karafuu ulikuwa robo ya thamani ya zao. Sheria ya 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, mabwana wakilipwa fidia kupitia mahakama, na kuanzia hapo kila pishi iliyochumwa ililipiwa. Mchumaji alidai ujira mkononi, na ujira huo ulitoka kwa mkopeshaji msimu ulipokaribia, kwa rehani ya mavuno yaliyokuwa bado juu ya mti. Bei ya dunia ilipoporomoka miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliona kwamba kundi la wenye mashamba ililolitegemea lilikuwa karibu kupoteza ardhi yote kwa wadai. Mwaka 1934 ikazuia ardhi kuhamishwa kutoka kwa Waarabu na Waafrika bila idhini, na ikaipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 chama hicho kilipopewa ukiritimba wa ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na wenzao wa India wakasusia karafuu za Zanzibar kwa uongozi wa Vallabhbhai Patel. Bombay ilikuwa mnunuzi mkubwa. Mwaka 1938 pande zote zilipatana, na utaratibu wa kumaliza madeni ya mashamba ukawekwa, madeni ambayo wengi walikuwa bado wanayalipa vita vya pili vya dunia vilipokwisha.

Kwa mchumaji wa Makunduchi au Mtumbatu aliyekuja msimu, madeni hayo hayakuonekana. Alichokiona ni jumba, mti, na mtu aliyeitwa mwenye shamba. Katika siasa za miaka ya 1950, tajiri aliyekuwa na rehani juu ya kila shina alihesabiwa tajiri kamili, na hasira za enzi ya utumwa zilimwangukia yeye mzima mzima, si yeye na mdai wake nusu kwa nusu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 hayakuuliza daftari linasemaje. Mwezi Machi ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali, na mashamba makubwa yakaanza kugawiwa eka tatu tatu.

Wengi wa waliosalimika walivuka kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Dubai na Uingereza; wengine walirudi Oman waliyoijua kwa majina ya ukoo tu. Baadhi walibeba hati za mashamba, zenye mihuri ya waandishi na majina ya mashahidi waliokwisha kufa, na hazikuwafaa kitu. Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwa na shule nyingi wala haikuwapokea kwa urahisi. Mambo yalibadilika Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani wa nje. Wazanzibari waliosoma, wenye Kiingereza na vyeti vya ualimu, uuguzi na uhasibu, waliajiriwa wizarani, hospitalini na kwenye kampuni ya mafuta, na kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika katika korido za ofisi za Muscat zaidi kuliko walivyotarajia wenyeji.